Kichwa Kilichosukwa Nusu

Kila Jumamosi asubuhi Chiriku alifagia saluni ya mama yake, akapanga vitana na kuchambua rasta. Walimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake haukujua likizo.

Siku hiyo wateja walijaa hadi mlangoni. Shangazi, aliyekuwa akiwapokea, hakumkataa hata mmoja. Mama alikuwa amefika katikati ya kichwa cha mke wa seremala vidole vilipoanza kumtetemeka. Moyo ulimwenda mbio, jasho likamtoka. Akaweka kitana chini, akaketi na kufumba macho.

Chiriku alielewa. Aliwahi kumsindikiza mama zahanati kwa mshauri nasaha, mwanamke mpole aliyemwambia, "Hofu ikija, usishindane nayo. Sikia nyayo zako sakafuni. Fuata pumzi inavyoingia na kutoka. Na kazi ipunguze, mama. Wewe si punda."

"Kulikoni? Nirudi nyumbani hivi, upande bibi harusi, upande kichaka?" alilalama mke wa seremala. Wateja wakaangua kicheko.

Shangazi alimvuta Chiriku pembeni. "Waambie mama yako ana malaria."

"Lakini hana, shangazi."

"Sema hivyo hivyo! Unataka wifi yangu aitwe mwendawazimu?"

Chiriku akasimama katikati ya saluni. "Mama hana malaria wala wazimu. Wasiwasi humzidi, na anatibiwa. Sasa anatulia. Asiyeweza kusubiri, mlango ule!"

"Huna adabu!" shangazi alifoka.

"Adabu ninayo, shangazi. Uongo ndio sina."

Wateja wawili wakabeba mikoba yao, wakaondoka wakibetua midomo. Mama alifumbua macho. Mikono ilikuwa imetulia.

"Waache waende," alisema. "Wifi, leo nasuka watatu tu. Wengine waje Jumatatu."

Shangazi alinuna, lakini akaenda mlangoni kuwaambia.

Mke wa seremala aliinamisha kichwa kisukwe. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, "Huyo mshauri hupatikana lini? Mimi usingizi umenikimbia."

"Jumatano. Tutakwenda pamoja, dada."

Jioni mama alimketisha Chiriku karibu naye. "Siku nyingine usiwafukuze wateja wangu kama nzi, umesikia? Ila ulisema kweli. Mwenye homa haoni haya kwenda zahanati. Mwenye hofu naye asione haya, na asikubali mtu amwonee haya."