Msemaji Wangu Aliipeleka Picha ya Mshipa Wangu Ukweni

Nina umri wa miaka hamsini na minne na ninaishi Free Area, hapa Nakuru. Nina diploma ya mitambo ya baridi niliyoisomea kwa jasho langu, na kwa miaka mingi nilifunga viyoyozi katika mahoteli ya Ghuba, sigara mdomoni. Nyumba ninayolala niliijenga bila kumwomba ndugu hata msumari. Nasema haya mjue kwamba anayewaandikia si mtu wa kudanganywa kirahisi. Lakini nilidanganywa... na leo nimechoka hata kukasirika.

Niliporudi nyumbani nilikuwa nimeshafiwa na mke wangu. Binti yangu, Njeri, ameolewa Naivasha. Upweke ulinikalia vibaya. Ndipo nikampata Wairimu, mwenye duka la vitambaa mjini, mcheshi na mwenye akili zake. Tukakubaliana. Wazee wakakaa, na binamu yangu Ndung'u akawa msemaji wangu wa ruracio, yaani ulipaji wa mahari. Mnaijua desturi yetu. Katika mazungumzo ya mahari, mwenye kuoa hukaa kimya kama mgeni, na msemaji ndiye mdomo wake.

Kisha mgongo ukaanza kuniuma. Nilidhani ni figo. Lakini nikilala chali, niliona tumbo likidunda karibu na kitovu, kana kwamba moyo umehamia huko! Daktari akanipapasa, akaniagiza nikafanyiwe skani ya CT ya mishipa ya damu.

Walinilaza kwenye kitanda kinachoingia ndani ya duara la mashine. Wakanichoma dawa ya rangi mkononi, joto likanishuka kutoka kooni hadi kwenye kinena, nikadhani nimejikojolea... Baadaye daktari akanionyesha picha. Mshipa mkuu, ule unaoshusha damu kutoka moyoni, ulikuwa umevimba tumboni kama boga, karibu sentimita sita!

"Mzee, huu ukipasuka huenda usifike hospitali," akasema. "Lakini picha imetupa habari njema. Hapa juu ya uvimbe, chini ya mishipa ya figo, kuna sehemu isiyovimba ya mrija kushikia. Tunaweza kuingiza mrija ndani ya mshipa kutoka kwenye kinena, damu ipite humo, bila kukupasua tumbo."

Siku ya ruracio ilikuwa imekaribia. Niliona si haki Wairimu aingie kwangu bila kujua. Je, nilimwendea nikamwambia? La! Kila neno la kwenda kwao lilikuwa likipitia kwa Ndung'u, nikaona hata hili lipitie kwake. Nikamtumia ile picha kwa simu na kumsihi awaeleze kwamba ugonjwa wenyewe unatibika.

"Hiyo niachie, boss," akanijibu. "Wewe oga tu ungoje bibi."

Picha aliipeleka. Maelezo aliyaacha njiani. Wazee wa kwao walipouliza, aliwaambia kwamba daktari amekata tamaa, eti ni suala la kungoja tu... Ndugu wa damu! Mtu tuliyelishwa naye sahani moja!

Wairimu akanipigia simu akilia.

"Baba Njeri, mimi ni wa kuonyeshwa tumbo lako na wazee? Kutoka Free Area hadi dukani kwangu ni mbali?"

Nikaanza kumweleza habari za mrija.

"Usinibembeleze kama mtoto. Ndung'u ameshatuambia ukweli." Akakata.

Maumivu yakazidi, nikapelekwa kuwekewa mrija kabla sijapata nafasi ya kumwona. Njeri ndiye aliyekaa nami. Mrija ukashika vizuri, na daktari mwenyewe akasifu. Niliporudi nyumbani, Njeri alinikalisha chini kabla ya kuniambia. Ndung'u, ambaye walikuwa wametengana na mkewe, alikuwa ameenda kumfariji Wairimu mara nyingi mno... na sasa alikuwa amepeleka wazee wake mwenyewe kwao. Safari hii alijitafutia msemaji mwingine!

Nikajikokota hadi dukani. Wairimu aliponiona aliangusha mkasi.

"Kumbe uko hai?"

"Niko hai. Alikudanganya."

Aliinama, akauokota mkasi. "Huyo nitamalizana naye, wala hanioi," akasema. "Lakini hata wewe sikutaki tena. Ningekaa nawe hospitalini, Baba Njeri. Ningekushika mkono. Mbona hukuniuliza mimi?"

Nikageuka, nikajikokota kurudi nyumbani. Diploma yangu haikuwa na jibu hilo.

Wasomaji wenzangu, mahari mwachieni msemaji, maana hiyo ndiyo kazi yake. Ugonjwa wenu msimwachie! Nendeni wenyewe, mkae na yule mnayempenda, mumwambie kwa midomo yenu, hata kama sauti itatetemeka. Na wewe uliyevuta sigara miaka mingi kama mimi, ukisikia tumbo linadunda, kimbia hospitali leo, usingoje kesho.

Mimi nimepona. Nyumba yangu ina vyumba vitano, na jioni nawasha taa ya kimoja tu.