Rafu Ndefu ya Duka la Buterere

Mtu yule aliingia dukani asubuhi, akasalimia kwa sauti ndogo, kisha akapita upande wa ndani wa meza kana kwamba ni kwake. Alitoa utepe mfukoni na kuanza kupima rafu.

Lubna alikuwa ameinama akigawa mafuta ya mawese kwenye vichupa. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake kila asubuhi ya likizo: kufagia, kugawa mafuta, na kufunga chumvi katika vikaratasi vidogo. Watu wa Buterere, mtaa wa pembeni mwa mji, hawakununua kwa kilo. Mwaka ule wa 1998 vita vilikuwa bado vinaendelea milimani, mipaka ilikuwa imefungwa kwa vikwazo, na bei zilipanda kila wiki. Mtu alinunua cha kupikia leo, ya kesho akayaacha kesho.

Rafiki yake Chanelle, aliyekuja kununua mafuta, alimtazama yule mgeni kutoka kichwani hadi miguuni.

"Lubna, huyu anapima duka au anataka kulishonea suruali?"

Lubna alijizuia kucheka. Alimwuliza mgeni kwa heshima anatafuta nini. Yule mtu akajibu kwamba anaitwa Valéry, na kwamba Bwana Rachidi wa Bwiza amemuuzia rafu zote. Angekuja kuzichukua Jumamosi, duka likifungwa.

"Likifungwa?" Lubna aliuliza. Kichupa kilimponyoka mkononi, mafuta yakatapakaa sakafuni.

Valéry alikunja utepe wake polepole. Uso ulimbadilika. Alikuwa amedhani wenye duka wanajua.

Rachidi alikuwa baba mkubwa wa Lubna. Yeye na marehemu Akilimali, baba yake Lubna, walikuwa na maduka mawili: la Rachidi katika mtaa wa Bwiza, na hili dogo la Buterere. Mfuko ulikuwa mmoja, na faida ya maduka yote mawili ndiyo iliyolisha nyumba mbili. Akilimali alipofariki kwa malaria, mkewe Mwanvua alilishika duka la Buterere. Mle ndani, chumba cha nyuma, ndimo yeye na Lubna walimolala. Duka likifungwa, wangepoteza kazi na makao kwa siku moja.

Valéry aligusa ubao wa rafu ya chini, ile ndefu kuliko zote. Akilimali aliitengeneza kwa mkono wake mwenyewe.

"Samahani, mtoto wangu," alisema. "Lakini hii ndefu nakuomba usiache mtu mwingine aichukue. Mbao hazishuki tena mjini tangu barabara ziharibike. Nimezunguka mwezi mzima."

Lubna alitaka tu aondoke. "Sawa," akasema bila kumtazama. "Hii ndefu nitakutunzia. Jumamosi utaikuta."

Kabla mgeni hajavuka mlango, Mwanvua aliingia na ndoo ya maji kichwani. Alielezwa. Hakupiga kelele. Aliitua ndoo, akajifuta uso kwa ncha ya kitenge, akatoa daftari chini ya meza na kumwekea mgeni mbele kama mtu anayeonyesha cheti cha ubatizo kwa anayemtilia shaka.

"Tazama mwenyewe, kaka. Mimi silali. Nauza kila siku. Kwa nini shemeji anifungie?"

Valéry hakutaka kusoma daftari la watu. Lakini kabla ya vita alikuwa mhasibu wa kiwanda kidogo cha kahawa huko bara, hadi kilipochomwa moto akakimbilia mjini na familia yake. Macho yake yalikwenda kwenye tarakimu yenyewe, kama macho ya fundi cherehani yanavyokwenda kwenye mshono.

Ukurasa wa mwezi uliopita ulikuwa kwa mwandiko wa Lubna. Baada ya kulipia bidhaa, duka lilibakiza faranga elfu sitini. Chini yake zilifuata gharama: kodi ya duka elfu ishirini, baiskeli ya kuleta mizigo elfu kumi, mafuta ya taa na vikaratasi elfu sita, nusu ya kodi ya depo elfu kumi na nane, nusu ya mshahara wa mlinzi wa depo elfu kumi na mbili. Jumla elfu sitini na sita. Hasara, elfu sita. Kila mwezi Rachidi alitoa elfu sita za Bwiza kuziba pengo la Buterere, na sasa alikuwa amechoka.

Lubna aliona vidole vya Valéry vikigonga ule ubao wa rafu, mara moja, mara mbili. Kisha akavuta kreti tupu la bia na kuketi.

"Mama, mimi nazihitaji hizi rafu," alisema. "Nataka kufungua kioski Nyakabiga, nina watoto watatu. Ningeweza kunyamaza. Lakini nikinyamaza, nitakuwa nauza vitu vyangu juu ya mbao hizi huku nikijua." Alimgeukia Lubna. "Chukua kalamu. Kila gharama iulize swali moja tu: siku duka hili likifungwa, utakoma au utaendelea?"

Lubna alianza bila kuelewa anakokwenda. Kodi ya duka ingekoma, maana mkataba ulikuwa wa mwezi kwa mwezi. Baiskeli ingekoma. Mafuta ya taa na vikaratasi, navyo vingekoma. Akafika kwenye depo, ile stoo ya Bwiza ambamo mizigo ya maduka yote mawili ilihifadhiwa.

"Hiyo pia itakoma," alisema Mwanvua. "Nusu ni yetu."

"Na mwenye depo, mwezi ujao atapokea nusu?"

Lubna ndiye aliyejibu, taratibu. "Atataka yote. Baba mkubwa ndiye atakayelipa. Na mlinzi vilevile. Mlango anaoulinda ni mmoja."

Aliandika upya. Zinazokoma: elfu thelathini na sita. Zinazoendelea: elfu thelathini. Duka likifungwa, wangeokoa elfu thelathini na sita na kupoteza elfu sitini.

"Na wateja wenu?" Valéry aliuliza. "Watawafuata Bwiza?"

Hapo Lubna alicheka kwa mara ya kwanza asubuhi ile. Nauli ya kwenda Bwiza ilizidi bei ya chumvi waliyonunua.

Mwanvua alipata nguvu ghafla. Alisema kuna jambo jingine ambalo shemeji amelisahau. Mwaka juzi, mafuriko yalipoingia dukani, Akilimali alinunua saruji ya faranga elfu themanini akainua sakafu. Fedha zote zile zitupwe hivihivi? Hiyo peke yake ilitosha kuwa sababu ya kutofunga.

Valéry alitikisa kichwa, lakini kwa upole. "Hapana, mama. Saruji iache nje ya hesabu. Mkifunga hairudi, mkiendelea hairudi. Imekwisha kwenda."

Lubna alikasirika kidogo. Alikumbuka baba yake akiwa amepiga magoti, suruali imekunjwa, akisawazisha saruji kwa ubao. Lakini alipotazama ukurasa, hakuona mahali pa kuiandika. Haikuwa upande wa zinazokoma wala wa zinazoendelea.

"Msiniamini mimi," Valéry alisema akiinuka. "Nendeni mkamwulize mwenye depo. Huenda atawapunguzia kodi, na hapo hesabu itabadilika."

Walifunga duka mchana ule, wakatembea hadi Bwiza. Mzee Huseni, mwenye depo, alikuwa akinywa chai ya tangawizi kibarazani. Alimsikiliza Mwanvua mpaka mwisho, kisha akauliza kama duka la Buterere likifungwa paa la depo litapungua mabati. Kama halitapungua, na kodi haipungui. Alisema hivyo akitabasamu, lakini alimaanisha.

Rachidi walimkuta dukani kwake akipanga viberiti. Alipomwona shemeji yake na daftari, mabega yalimshuka.

"Yule mtu amekwisha kuja," alisema. "Nilitaka kukwambia mwenyewe leo jioni, Mama Lubna. Sikujua nianzie wapi."

Mwanvua hakumlaumu. Alimsukuma Lubna mbele. Lubna akasoma, sauti ikitetemeka mwanzoni na kunyooka kila alipopita mstari. Rachidi alimsikiliza kwa subira ya mtu mzima anayemsikiliza mtoto, mpaka walipofika kwenye depo. Hapo akainua mkono.

"Ngoja. Nusu ya depo ni ya Buterere. Mimi na baba yako tulikubaliana hivyo siku ya kwanza. Kila kitu cha pamoja nusu kwa nusu, ili asiwepo wa kunung'unika."

"Ndiyo, baba mkubwa. Lakini Buterere ikifungwa, nusu hiyo nani atailipa?"

Rachidi alimnyang'anya kalamu. Alifungua daftari lake la Bwiza, ambako kila mwezi, kabla ya kuziba pengo la Buterere, alibakiwa na faranga elfu ishirini na sita. Alitoa elfu thelathini, zile nusu za Buterere ambazo sasa zingekuwa zake. Akaitazama tarakimu iliyobaki. Akahesabu tena, safari hii kwa vidole, midomo ikichezacheza.

"Hasara ya elfu nne," alisema hatimaye. "Hapa Bwiza. Dukani kwangu."

Mteja alikuja kuuliza sabuni, akaambiwa angoje.

"Kumbe siku zote," Rachidi aliendelea, "nilijiona mimi ndiye ninayeibeba Buterere mgongoni. Natoa elfu sita, nanung'unika, nasahau kwamba kabla ya hapo Buterere imenibebea elfu thelathini za depo na mlinzi. Nikitoa sita na kupokea thelathini, ananibeba nani?" Aliketi juu ya gunia la mchele, akaanza kucheka, cheko la mtu aliyevuta mguu nyuma na kuona shimo lilipo. "Nilikuwa nafunga duka linalotulipia ishirini na nne kila mwezi. Allah atusamehe. Rafu hazitoki, Mama Lubna."

Mwanvua alijiegemeza ukutani, akafumba macho. Pumzi iliyomtoka ilikuwa ndefu, kana kwamba alikuwa ameizuia tangu asubuhi. Rachidi aliwaletea chai na mandazi. Alimwambia Lubna kwamba kugawana nusu kwa nusu na baba yake lilikuwa jambo jema, kwa sababu liliwapa amani miaka kumi na moja. Kosa lake yeye Rachidi lilikuwa kulichukua jambo la kuleta amani akalitumia kupimia kitu kingine.

"Ukitaka kujua kama kitu kifungwe au kiendelee," alisema, "angalia kitakachobadilika. Kisichobadilika kiache kando, hata kama kinakuuma. Na ufanye hivyo kwa kalamu, siyo kwa uchovu. Mimi niliamua kwa uchovu."

Kisha akaongeza kwamba atampelekea Valéry ujumbe asije tena. Hajalipa hata faranga moja, na yeye mwenyewe ndiye aliyeonyesha hesabu, kwa hiyo hawezi kulalamika.

Lubna aliliweka andazi chini. "Ile ndefu nilimwambia nitamtunzia. Nilimwambia Jumamosi ataikuta."

"Ulikuwa hujui mambo haya," alisema Rachidi. "Yule ni mtu mzima, ataelewa."

Ilikuwa kweli kwamba ataelewa. Hilo ndilo lililomsumbua Lubna walipokuwa wakiharakisha kurudi kabla ya saa ya usiku ambayo amri ya serikali ilikataza watu kutembea. Mashamba ya mpunga yalikuwa yametulia, na mbali mlimani ukasikika mlio mmoja wa bunduki, kisha kimya. Mwanvua alimshika mkono.

"Rafu ile aliitengeneza baba yako," alisema.

"Najua, mama. Hata sakafu aliitengeneza yeye. Sakafu itabaki."

Mwanvua alikaza kitenge chake kiunoni huku wakitembea. "Tutapanga wapi sukari na sabuni?"

"Kwenye makreti. Nitainama."

"Utainama sana."

"Nitainama."

Jumamosi Valéry alikuja, lakini bila utepe. Alikuja kuwapongeza tu, maana habari ilikuwa imemfikia. Aliikuta rafu ndefu imesimamishwa nje ya mlango, imefutwa vumbi, misumari yote imetolewa na kufungwa katika kikaratasi cha chumvi. Alikataa mara mbili. Mwanvua alimwambia kwamba Rachidi naye amekubali, na kwamba atailipia bei ileile waliyopatana, kidogo kidogo, kioski kikianza kuuza.

"Lakini mama, mnaihitaji."

"Tunaihitaji," Mwanvua alisema. "Wewe mwenyewe ulitufundisha kuiacha saruji, kwa sababu imekwisha kwenda. Neno la binti yangu bado halijaenda popote. Lilikuwa linakungoja hapa mpaka leo. Hilo tunalihesabu."

Valéry alitazama chini. Kisha akachukua kamba, nao wote watatu wakaifunga rafu kwenye baiskeli yake. Lubna aliishika kwa nyuma mpaka kwenye kona ya barabara, ili isimwelemee, halafu akaiachia.

Aliporudi, Chanelle alikuwa amesimama mezani na kichupa chake, akichungulia ukuta mtupu.

"Kwa hiyo suruali imeshonwa," alisema. "Nipe mafuta, na sukari ya kikombe kimoja."

Sukari ilikuwa kwenye kreti la chini kabisa, nyuma ya sabuni. Lubna alipiga magoti juu ya sakafu ya saruji, akaitafuta.