Goodness Anasomea Nini

Fundi Vitus ni seremala wa Mafinga. Anatengeneza vitanda, milango na makabati, na karakana yake iko uani kwake. Maranda hayatupwi. Mkewe, Apolonia, huyashindilia kwenye jiko la bati, katikati ameweka chupa. Chupa ikitolewa linabaki tundu, moto unawashwa hapo, na maharage yanaiva taratibu huku nyumba ikipata joto. Kwa baridi ya Mafinga, hilo si jambo dogo.

Wana mabinti wawili. Mwaka habari hii ilipoanza, Goodness alikuwa amemaliza kidato cha sita na amefaulu. Mdogo wake, Eveline, alikuwa kidato cha kwanza.

Mtaani wanajua kwamba Vitus ni mtu mwema. Wanajua pia kwamba akishaamua jambo, kumgeuza ni kazi. Mwaka huo aliamua mambo mawili, na yote mawili alikosea.

La kwanza lilimhusu Goodness. Ilikuwa imebaki wiki moja dirisha la kuomba vyuo lifungwe. Goodness alimwambia baba yake kwamba anataka kuomba shahada ya saikolojia na ualimu wa sekondari, katika chuo kimoja cha Iringa mjini.

"Saikolojia si ndiyo mambo ya vichaa?" Vitus akauliza.

"Hapana, baba. Ni elimu ya akili na tabia za watu."

"Ndiyo hiyo hiyo. Nimesomesha mtoto mpaka kidato cha sita, halafu akalinde vichaa? Omba uhasibu."

"Hesabu siziwezi, baba. Mimi nimesoma Historia, Jiografia na Kiswahili."

"Basi omba ualimu peke yake. Hiyo ya kuunganisha vitu viwili siiamini. Utatoka huko si mwalimu, si daktari."

Habari za kozi hiyo Goodness alizipata kwa rafiki yake, akaipenda, lakini hakujua vizuri inafundisha nini. Machozi yakamlengalenga, akaenda kuosha vyombo.

Jambo la pili lilimhusu Eveline. Shule ya msingi alikuwa hodari wa kuuliza maswali. Alipoingia sekondari, masomo yakawa kwa Kiingereza, na mtoto akanyamaza. Akiulizwa kitu darasani, anatazama dawati. Mtihani wa nusu muhula akashika mkia. Mwalimu mmoja akasema ana kiburi. Vitus akasema ni uvivu.

Alilifikiria jambo hilo siku nzima huku akipiga randa. Jioni akatangaza uamuzi.

"Kuanzia leo, mezani ni Kiingereza tu. Anayetaka kitu akiombe kwa Kiingereza. Mtoto atazoea."

Apolonia akamtazama mumewe. "Baba Goodness, mimi Kiingereza nakitoa wapi?"

"Utajifunza hapo hapo."

Wakaanza kula. Vitus mwenyewe alikuwa na gudi moningi yake, na gudi moningi haifai jioni. Apolonia alitaka chumvi, akala maharage yasiyo na chumvi. Goodness alikijua Kiingereza cha kutosha, lakini kila alipoanza sentensi hakuna aliyemjibu. Eveline alikula matonge machache akanawa mikono. Nyumba ile ya vicheko ikawa kimya kama ofisi siku ya Jumapili.

Ikawa hivyo kila jioni. Eveline akaanza kusema kwamba hana njaa.

Siku moja, wakati wa chakula, jirani yao mwalimu Asukile alikuja kuulizia kabati lake la vitabu. Asukile ni Mnyakyusa wa kutoka Rungwe. Anafundisha Jiografia katika shule moja ya sekondari pale mjini, na ni mwalimu wa ushauri nasaha wa shule hiyo.

"Hodi. Kamwene," akasalimia. Salamu za wenyeji amezijua siku nyingi.

Vitus akamwonyesha kiti. Apolonia akatabasamu. Hakuna aliyefungua kinywa.

Asukile akakaa, akawatazama mmoja mmoja. "Poleni, jamani. Kuna msiba?"

Apolonia akashindwa kujizuia. "Hakuna msiba, mwalimu. Tunaongea Kiingereza."

Goodness akaangua kicheko, na Eveline naye akacheka. Vitus hakucheka. Alimweleza jirani yake habari yote, na Asukile akamsikiliza mpaka mwisho.

"Fundi, nikuulize," akasema. "Tangu mmeanza, wewe mwenyewe umesema nini hapa mezani?"

"Kidogo."

"Hajasema kitu," akasema Apolonia.

"Kwa nini, fundi?"

Vitus akabandua gundi iliyokuwa imekauka kwenye kidole chake. "Naogopa kukosea. Goodness anakijua. Nikikosea, watoto watanicheka."

"Hapa ni kwako, na hawa ni wanao, wanakupenda," akasema Asukile. "Eveline anasimama mbele ya darasa zima la watoto asiowajua."

Vitus akamgeukia mwanawe. "Eveline, ni hivyo?"

Eveline akainama. "Siku ya kwanza nilijibu, baba. Nikakosea, darasa zima likacheka, na mwalimu akacheka. Sasa jibu nalijua, lakini nikisimama linapotea."

Vitus aliumia. Alikumbuka jinsi alivyomwita mvivu, tena mbele ya wageni.

"Hofu ikizidi, mtoto anasahau hata anachokijua," akasema Asukile. "Huo si uvivu wala kiburi. Iondoe sheria yako, fundi. Mtoto aeleweshwe somo kwa Kiswahili kwanza. Akishaelewa, asome sentensi chache za Kiingereza kwa sauti mbele ya dada yake. Akikosea asichekwe. Na nitaongea na mwalimu wake wa darasa, amwambie mapema swali atakalomuuliza, ili ajiandae."

"Hayo umeyajuaje? Wewe si mwalimu wa Jiografia?"

"Nilisoma vyote viwili kule Mbeya. Shahada yangu ni ya saikolojia na ualimu wa sekondari."

Goodness akaacha kula.

"Kumbe hiyo ndiyo saikolojia?" Vitus akauliza polepole.

"Ni sehemu yake. Tulisoma jinsi mtoto anavyokua, anavyojifunza na anavyokumbuka, na jinsi ya kumshauri. Upande wa ualimu, nilisoma somo langu na mbinu za kulifundisha. Halafu tukapelekwa mashuleni kufanya mazoezi ya kufundisha."

"Na vichaa?"

"Tusiwaite hivyo, fundi. Ugonjwa wa akili ni ugonjwa kama mwingine, na wanaoutibu ni madaktari. Mimi sitoi dawa. Namwona mwanafunzi mwenye shida mapema, namsikiliza. Shida ikinizidi, nashauri apelekwe kwa wataalamu."

"Lakini kwa nini waunganishe? Si mtu asome kimoja akimalize?"

Asukile akaelekeza kidole uani. "Ukiniuzia mlango usio na bawaba, nitaufunguaje?"

Vitus akatikisa kichwa. "Hapo umenishika."

Goodness akavuta kiti karibu. "Mwalimu, na mimi nitafundisha somo gani?"

"Inategemea chuo. Kozi hizi hazifanani. Soma mwongozo wa udahili, kisha piga simu chuoni, uulize: nikimaliza, naruhusiwa kufundisha sekondari? Somo lipi? Ufaulu wangu unatosha? Na ujue kwamba ajira huenda ikachelewa. Mimi mwenyewe nilisubiri."

Kesho yake Goodness akapiga simu chuoni. Akajibiwa kwamba anafaa, na somo lake litakuwa Jiografia. Kabla ya dirisha kufungwa, Vitus alikaa kando yake akimtazama anavyojaza maombi kwenye simu. "Saikolojia iwe chaguo la kwanza," akasema mwenyewe.

Eveline hakubadilika kwa siku moja. Kila jioni alisoma na dada yake, wakati mwingine akilia. Lakini mezani kelele zilirudi, na chumvi ikaombwa kwa Kiswahili. Mwishoni mwa muhula wa pili, Eveline alirudi mbio kutoka shuleni, akaingia karakanani na mkoba mgongoni.

"Baba, leo nimenyoosha mkono. Nimekosea neno moja, nikalirudia."

Vitus akafuta mikono, akamkumbatia. Hakuona aibu kwamba machozi yalimtoka.

Goodness sasa yuko mwaka wa pili Iringa. Amepangiwa shule moja ya Rujewa kwa mazoezi ya kufundisha. Alimpigia baba yake simu, akasema darasani kuna msichana asiyesema neno. "Sijamlazimisha, baba. Kwanza nataka anizoee."

Wiki hiyo hiyo mteja mmoja, Masumbuko, alikuja kuchukua mlango. Akamtania fundi.

"Nasikia binti yako anasomea vichaa."

Vitus akaweka randa chini. "Anasomea watu kama mimi na wewe," akasema. "Wanaojua jibu, lakini wananyamaza kwa kuogopa kuchekwa. Na Jiografia."

Masumbuko akacheka. Kisha akaupapasa mlango wake.

"Fundi, mimi nina kijana kidato cha pili. Siku hizi hasemi kabisa, na sisi tunamchapa tu. Goodness anarudi lini?"

"Likizo," akasema Vitus, akivua aproni yake. "Lakini usingoje likizo. Twende kwa mwalimu Asukile."