Nozeli Kumi na Nne

Jumatatu asubuhi, mabomba kumi na manne ya kupulizia dawa ya magugu yalikutwa yakining'inia kwenye ukuta wa stoo ya shamba, yote yameng'olewa nozeli. Kile kichwa kidogo cha shaba kinachotawanya dawa hakikubaki hata kimoja.

"Dawa imeguswa?" Mkaguzi wa polisi aliuliza.

"Hata tone," alijibu mtunza stoo. "Madumu sitini, yote yapo."

"Betri? Mafuta ya trekta?"

"Vipo, afande."

"Mwizi wa ajabu huyu. Kamwacha ng'ombe, kaiba kengele."

Meneja hakucheka. "Hii ni hujuma. Msimu wa dawa ni wiki tatu tu. Nimeagiza nozeli nyingine, Alhamisi zinafika. Lakini huyo mtu namtaka ndani."

Mtaalamu wa alama za vidole alipaka unga wake mweusi kwenye mabomba. Alama zilikuwa tele, ila nyingi hazikuwa na mistari. Akawapanga wapulizaji kumi na wanne, akachukua alama zao ili alinganishe. Kisha akamvuta Mkaguzi pembeni.

"Afande, tisa kati yao hawana mistari. Vidole laini kama mgongo wa kijiko. Kucha zimebonyea. Hapa siwezi kumtambua mtu."

Mkaguzi alimgeukia meneja. "Glavu mnawapa?"

"Zilitolewa."

"Lini?"

Meneja alitazama saa yake. "Dawa imeidhinishwa, afande. Kibandiko kinasema ni salama ikitumika ipasavyo."

Kibandiko kinasema! Sisi tusiosahau tunaukumbuka mwaka dawa ilipoletwa, na yule wakala aliyegawa fulana na kofia, akaapa kwamba hata kifaranga akiinywa atakua awe jogoo. Fulana zimekwisha kuwa matambara ya kudekia. Dawa bado ipo. Na ukiuliza swali, unaulizwa cheti chako cha kemia kiko wapi.

Mkaguzi hakuuliza cheti. Alikwenda zahanati.

"Siwezi kuapa mahakamani kwamba ni dawa," alisema daktari. "Wataalamu wenyewe wanabishana, na wengine wanalipwa ili ubishi usiishe. Mimi naandika ninachokiona. Ngozi, vikohozi, figo."

"Nani amekuja karibuni?"

"Siri ya mgonjwa, afande."

Akarudi stoo, akayakagua mabomba moja moja. Kwenye namba saba akasimama. Chini ya mkanda wa bega palishonwa kipande cha blanketi kilichokunjwa mara mbili, uzi bado mweupe, mishono myembamba iliyokaa kwa mstari.

"Hili la nani?"

"La Injini," alisema mtunza stoo. "Huyo bwana wenzake wakifunga vifungo, yeye kashamaliza ekari."

"Ijumaa lilikuwa na hiki kitambaa?"

"Nadhani… hapana."

"Tangu Ijumaa nani aliingia humu?"

"Hakuna."

"Na wewe ulikuwa wapi?"

Mtunza stoo alikuna kisogo. "Jumamosi nilikwenda kwenye mechi, afande. Kipindi cha kwanza tu! Mke wa Injini alikuja kuchukua maovaroli ya kufua, nikamwachia mlango. Mama wa watu yule, ataiba nini?"

Mkaguzi alimkuta mama huyo uani kwake, mikono imezama kwenye beseni la povu. Injini alikuwa kwenye kigoda, anamenya viazi huku akikohoa.

"Mama, mkanda wa bomba namba saba umeushona wewe?"

"Nani mwingine? Huyu kifungo chenyewe kinamshinda."

"Umeushona lini?"

Mikono ilitulia ndani ya povu.

"Nimeiba mimi!" Injini aliruka. "Nifunge mimi, afande!"

"Umezificha wapi?"

"Kwenye… kwenye dari."

"Nyumba hii ina dari, baba?" mkewe alimuuliza. "Miaka ishirini na sita uongo umekushinda, leo ndiyo unaanzia kwa polisi? Kaa chini. Afande, nimezitupa chooni. Ukizitaka, zama."

Mkaguzi alimpa onyo la kisheria, akafungua daftari. "Kwa nini?"

"Daktari kamwambia apumzike wiki tatu, apimwe damu tena. Akiigusa dawa kabla ya hapo, figo hazitarudi. Nimemsihi. Nimenuna. Hata salamu nimemnyima. Yeye anasema msimu hauanzi bila Injini! Na nozeli ikiziba, afande, anaing'oa, anaipuliza kwa mdomo. Mdomo huuhuu alionitongozea!"

"Mbele ya watu, mama…" Injini alinong'ona.

"Lakini zote kumi na nne?"

"Ningechukua yake tu, angeazima ya jirani. Namjua. Na hao wengine nao ni waume za watu."

"Sasa mama, umemzuia asipulize, halafu ukamshonea mkanda apulize vizuri?"

Aliitoa mikono kwenye beseni, akaitazama.

"Tajiri hakosi nozeli. Nilijua ataleta nyingine. Siku akirudi, basi angalau bega lisichubuke."

Injini aliinamia sufuria, akawa anamenya kiazi alichokwisha kukimenya.

Kituoni, Mkaguzi aliandika maelezo bila kupunguza neno, maana wizi ni wizi, hata wa mapenzi. Kisha akafungua jalada la pili, ambalo meneja hakuliomba. Akaweka humo karatasi za alama za wale tisa wasio na mistari vidoleni, na barua kwa mkaguzi wa kazi, inayouliza glavu zilitolewa lini.

Mwisho akavuta fomu ya dhamana.

"Mdhamini ni mumeo. Mtaripoti hapa wote wawili kila siku, saa kumi na mbili asubuhi, na mtaondoka saa nne. Siku ishirini na moja."

"Saa kumi na mbili?" Injini alishtuka. "Afande, hiyo ndiyo saa ya dawa! Upepo ukishaamka, hakuna kupuliza."

"Ndivyo nilivyoambiwa. Ukikosa siku moja, mkeo analala ndani."

Injini alimtazama Mkaguzi, akamtazama mkewe, akakohoa.

"Weka sahihi, baba," mkewe alisema, akimsogezea kalamu. "Tusimcheleweshe afande."