Picha ya Kiti Kitupu

Saa moja kasoro dakika tano asubuhi, karani wa vitambulisho aliweka kidole gumba chake cha kulia kwenye mashine ya mahudhurio mlangoni mwa ofisi, na mashine ikamkatalia. Haikumwambia afute kidole, wala ajaribu tena, maneno aliyoyazoea siku za mvua. Iliandika: Umeshaingia. Chini yake, saa kumi na moja na dakika arobaini na mbili alfajiri.

Saa hiyo alikuwa nyumbani, anamchemshia binti yake maji ya kuoga.

"Nani kaingia kabla yangu?" alimuuliza mlinzi.

"Hakuna, dada. Kufuli nimelifungua sasa hivi, bado lina umande."

Fundi wa mitambo, ambaye ofisi nzima ilimwita Waya kwa wembamba wake, alikuwa nyuma yao na mkoba begani. "Mwaka mzima unalalamika unachelewa," alisema. "Leo umejiwahi mwenyewe, bado hujaridhika."

Walicheka, naye akacheka. Ila alipokaa mezani kwake alikigeuza kidole kwenye mwanga wa dirisha. Kazi yake ilikuwa mistari ya vidole vya watu, na yake aliijua kuliko uso wake. Ilikuwa imefifia katikati, laini kama sabuni iliyoogewa wiki nzima.

Jana yake ndiyo siku madaftari mawili yalipounganishwa. Daftari la vitambulisho, alilolijaza yeye na wenzake, na daftari la leseni za udereva la ofisi ya mtaa wa pili, sasa yalisomana kwenye kompyuta. Hospitali, polisi na shule zilikuwa zikiingizwa moja baada ya nyingine. Wiki nzima walikuwa wamewaambia watu kwenye foleni kwamba hakuna tena kujaza fomu mara tano. Bibi mmoja akauliza, "Na nyumba yenye milango mingi hivyo, mwanangu, funguo anakaa nazo nani?" Karani alimjibu kwa adabu kuwa kila kitu kiko salama. Ndivyo alivyofundishwa kujibu. Usiku hakulipata jibu lingine.

Sasa aliyaomba madaftari yamletee kila mtu mwenye kidole kile. Wakaja wawili. Wa kwanza ni yeye. Wa pili aliitwa Jaribio Jaribio Jaribio.

Alimkumbuka mara moja, na aibu ikampanda shingoni. Miezi minane nyuma, mashine mpya zilipoletwa, ilibidi zijaribiwe kabla ya kuwafungulia watu mlango, na desturi ya ofisi yao ilikuwa kumtunga mtu. Mashine haikukubali nafasi tupu, basi karani aliijaza kwa vilivyokuwa karibu. Jina lake, la baba na la ukoo: Jaribio. Jinsia: mume. Makazi: nyumba yake karani mwenyewe. Kidole: chake mwenyewe. Picha: kiti kitupu cha chumba cha picha. Ilipodai namba ya mtegemezi, akaandika namba pekee aliyoijua kwa kichwa, ya cheti cha kuzaliwa cha binti yake. Kisha foleni ikaanza kugonga mlango, na mtu wa majaribio akasahauliwa bila kufutwa.

Akafungua picha. Ukuta mweupe ulikuwepo, kiti kilikuwepo. Lakini mto wa kiti ulikuwa umebonyea katikati, kama unavyobonyea chini ya mtu.

Jioni ile alikuwa anaosha vyombo jikoni, na binti yake, waliyemwita Kidoti kwa alama nyeusi ya kidevuni, alikuwa mezani na hesabu za shule. Koridoni kukasikika: tii. Sauti fupi, ya juu, ile inayotolewa na mashine ikikubali kidole. Nyumbani kwake hakukuwa na mashine yoyote. Ikafuata harufu, naye aliijua pia: plastiki ya moto, harufu ya kadi inayotoka sasa hivi, ambayo ukiishika inakuwa na joto kama yai.

Kidoti aliinua kichwa. "Mama, nani kasema asante?"

"Hakuna mtu. Maliza hesabu."

"Mwanamume," alisema Kidoti, akaendelea kuandika.

Asubuhi yake, kiti kilikuwa na mwenyewe. Karani aliitazama ile picha mpaka mikono ikafa ganzi. Alikuwa mumewe. Shati lilelile, kola imekunjika upande mmoja; yeye ndiye aliyemcheka siku aliporudi na picha hiyo ya leseni yake ya lori. Lori lilikuwa limemuua mwaka wa tatu sasa.

Alimwita Waya, akafunga mlango.

"Pole, shemeji," Waya alisema, na hakukuwa na mzaha. "Ndivyo walivyoupanga huu muungano. Ukikuta mtu hana uso, unamtafuta wa makazi hayohayo kwenye daftari la pili, unauazima wake. Leseni ya marehemu haikufutwa. Si mtu huyu. Ni makosa."

"Kwenye leseni alitazama mbele."

"Ndiyo."

"Hapa anatazama wapi?"

Waya alisogea karibu. Macho ya picha yalikuwa yameinama, yanatazama mstari ulio chini yake, pale palipoandikwa namba ya mtegemezi. Waya alirudi nyuma hatua moja, akavuta kibodi bila kukaa, akamfuta Jaribio. Picha ikapotea. Kesho yake alikuwepo.

Alimfuta siku hiyo pia, na iliyofuata. "Nikimfuta hapa, wa leseni wanaturudishia alfajiri," alisema. "Nikiwapigia wa leseni, polisi wanawarudishia. Kila mmoja anamuuliza mwenzake kama yupo, na mwenzake anasema yupo."

"Alfajiri saa ngapi?"

"Kumi na moja na arobaini na mbili."

Ijumaa alasiri alikwenda kumchukua Kidoti shuleni. Mwalimu wa zamu alikuwa getini, na kando yake mashine mpya ya vidole ya wazazi, bado ina nailoni ya dukani.

"Ameshachukuliwa, mama Kidoti. Kama nusu saa hivi."

"Na nani?"

"Na baba yake." Mwalimu alishusha sauti. "Mimi nilidhani baba yake ni marehemu, ndiyo maana nikasita kwanza. Lakini kadi aliweka, kidole aliweka, ikakubali. Ningemzuia kwa lipi?"

"Uso wake ulikuwaje?"

Mwalimu aligeuka kuitazama mashine. "Nilikuwa natazama mashine," alisema.

Hakumbuki alivyofika nyumbani. Anakumbuka kiatu kimoja kilichomtoka akakiacha, na jirani aliyemwita asimjibu, na ufunguo uliogoma kuingia, na jinsi alivyowaza kwamba mlango umefungwa kwa nje kama alivyouacha asubuhi na kwamba kwa hiyo hakuna mtu ndani na kwa hiyo mtoto yuko mahali asikokujua, mpaka kufuli likakubali, mlango ukafunguka, na harufu ya plastiki ya moto ikampiga usoni kama mvuke wa sufuria.

Kidoti alikuwa mezani, bado kavaa sare. Kiti cha pili kilikuwa kimevutwa karibu naye, na mto wake umebonyea.

"Baba kanileta," alisema, taratibu, kama anayeogopa kumshtua mtu. "Mkono wake hauna joto wala baridi, mama. Kasema ataniandikisha kwake, nihamie."

"Kuhamia wapi, mwanangu?"

Kidoti alifikiri. "Ndani."

Walilala kwa jirani. Karani alimpigia Waya, na Waya, aliyekuwa bado ofisini, alimsomea kwenye simu kwa kunong'ona: ombi la uhamisho wa mtegemezi, limewasilishwa kwa kidole, linashughulikiwa, majibu Jumatatu.

Jumamosi asubuhi alikwenda kwa mganga. Alikuwa mama wa makamo aliyeishi chumba cha nyuma cha duka la fundi cherehani, na wateja walipita katikati ya vitambaa kumfikia. Alisikiliza mpaka mwisho, mikono mapajani.

"Likikaa kwenye gofu, nafukiza gofu," alisema. "Likikaa kisimani, nakwenda kisimani. Hili linakaa wapi?"

"Kwenye mashine."

"Ipi?"

"Yetu. Na ya leseni. Na ya polisi, na ya shule. Hospitali nadhani wanaingia mwezi ujao."

Mganga alishusha pumzi. "Nyumba isiyo na mwenyewe haikosi mpangaji. Nyinyi mlijenga nyumba, mwanangu. Mkaipa jina, mkaipa mahali, mkaipa na mtoto, halafu mkaenda zenu mlango wazi. Tena mkaliita mara tatu."

"Sikuliita. Niliandika tu."

"Kwani kuandika ni kunyamaza?"

"Mtoe, mama. Nakuomba. Nitafanya lolote."

"Nimtoe wapi nimpeleke wapi?" Mganga alivuta mfuko wa kanga, akatoa kitambulisho chake, akakiweka juu ya mkeka. "Picha hii ulinipiga wewe. Kidole hiki ulikibonyeza wewe. Nami nimo humo pamoja nalo. Nikiliita jina lake, nitakuwa naliitia ndani ya nyumba tunayokaa wote." Kisha akaushika mkono wa karani, akapapasa kidole gumba ambacho sasa kilikuwa laini hadi kwenye kifundo. "Mengine yote mliyolipatia ni maandishi. Kitu chenye damu ni kimoja."

Hakutaka malipo.

Jumapili saa nane mchana karani alimwacha Kidoti kwa jirani, akarudi peke yake. Alichomeka pasi, akaigeuza mpaka alama ya mwisho, ya nguo za pamba, akasubiri taa yake nyekundu izimike, kwa sababu alikuwa mtu wa kufanya mambo kwa utaratibu hata siku ile. Akauma kitambaa. Akaweka kidole, akahesabu mpaka saba.

Alipofika nne koridoni kukasikika tii, kisha tii nyingine ndefu, ile ya kukataa, kisha zikafuatana jikoni, chumbani, chini ya meza, ndani ya kabati la nguo za marehemu ambalo hakuwahi kulifungua, na katikati yake sauti ya mumewe, ya upole, sauti aliyokuwa akiitumia kumwamsha, ikisema kama inavyosema mashine, samahani, weka kidole tena, samahani, weka kidole tena, na karani alijua kwamba akigeuka atamwona na kwamba akimwona atampa huo mkono, basi hakugeuka, alihesabu tano, sita, saba, na alipoinua kidole nyumba ilikuwa kimya na harufu iliyobaki ilikuwa yake mwenyewe.

Jumatatu Waya alimwita kwa mkono. Kwenye kompyuta: Ombi limekataliwa. Kidole hakisomeki. Picha ilikuwa ya kiti kitupu, mto umeinuka. Waya akamfuta Jaribio, na kesho yake alfajiri hakurudi. Karani alikwenda chooni, akalia akiwa amesimama.

Kuanzia hapo alisaini kwa kalamu, kwenye daftari la karatasi walilomfungulia peke yake. "Wengine wanatafuta likizo," Waya alisema, "wewe umepata likizo ya mashine." Mzaha wake ulikuwa umerudi, naye alishukuru kuusikia. Kidonda kilifunga. Siku kumi na moja hakukuwa na sauti nyumbani, wala harufu. Kidoti alikuwa anakula vizuri, analala vizuri. Alikuwa mtulivu mno, ila mama yake alisema ni mshtuko.

Siku ya kumi na mbili, kabla ya chakula cha jioni, karani alimkalisha kwenye kigoda amkate kucha. Alianza mkono wa kushoto. Alipochukua wa kulia, kidole gumba kilimteleza.

Alikigeuza kwenye mwanga. Kilikuwa laini kama ganda la yai. Hakikuwa na mstari hata mmoja.

"Umeshika nini, Kidoti? Umeungua?"

"Sijashika kitu."

"Hii imekuwaje?"

Kidoti alitazama chini. "Baba aliniomba nimwazime."

"Lini?"

"Ile Jumapili uliyounguza chako. Alikuja kwa jirani, akasimama nje. Alisema hana tena pa kuingilia." Alimgusa mama yake kovu, polepole. "Alisema tusikuambie, kidole chako kinauma. Alisema hatatumia jina lile tena. Atatumia langu."

Mkasi ulianguka. Karani alimvuta mtoto kifuani, akamshika kichwa kwa mikono yote miwili, akambana usoni mwake, shavu kwa shavu, ili asikie pumzi yake, ili awe na uhakika ni yake.

Koridoni kukasikika tii, ile fupi, ya kukubali.

Na sauti ya Kidoti, kutoka huko koridoni, ikasema asante. Mdomo wa mtoto aliyemkumbatia ulikuwa umefumbwa, na shavu lake halikuwa na joto wala baridi.