Kipande cha Mgomba

Sauti ya jembe ilisikika mahali ambapo hapakuwa na jembe. Kwenye skrini ya kompyuta, mama wa filamu yao alikuwa anakoroga uji, na chini ya mlio wa mwiko, chak, chak, mtu alikuwa anachimba. Rahima alivua hedifoni akasikiliza uani. Kimya. Akavaa tena. Chak.

"Ashiru! Siku ile tunarekodi jikoni, jirani alikuwa analima?"

"Alime nani, na watu wote wako kwenye korosho?" mdogo wake alijibu kutoka barazani, akikohoa.

Ilikuwa mara ya kwanza Rahima kuhariri filamu, na alikuwa na kile kiburi cha mtu aliyejifunza kitu juzi. Chuo chao cha Masasi kilitaka filamu fupi, na wao wakachagua hadithi ya mama anayekataa kwamba mwanawe amekufa. Gideoni, mwanafunzi mwenzake, alishika kamera. Ashiru, ambaye hata chuoni hasomi, alikubali kuwa maiti kwa ahadi ya chipsi mayai. Kaburi walilichimba la kweli, huko Chiwata, kwenye mikorosho ya Bibi Stamili, bibi mmoja mkali ambaye hakuwa na muda wa kubembeleza vijana. Aliwapa shamba kwa sharti moja tu.

"Kaburi likishachimbwa halilali wazi," aliwaambia. "Mkimtoa huyo kijana wenu, mnazika mgomba. Mnauvika sanda, mnaufukia vizuri. Lisipopewa mtu, linajitafutia."

Mgomba wakauzika, na Gideoni akaurekodi. Lakini Rahima alipokaa mezani na kompyuta, kile kipande kilimchekesha, shina la mgomba limevishwa sanda utadhani bwana harusi. Akakikata. Filamu ikaishia kwenye kaburi wazi, Ashiru amelala ndani, macho amefumba. Ikapendeza, tuseme ukweli. Memori kadi ilikuwa ya kuazima, akaifuta yote. Kompyuta ilikuwa imejaa, akakifuta kipande kile na humo. Nani angehitaji mgomba?

Tangu siku hiyo nyumba ilinuka udongo uliolowa, na mvua ilikuwa bado haijanyesha. Ashiru alikohoa, mama yao akamchemshia majani ya mpera. Asubuhi moja alitema kwenye beseni donge la udongo mwekundu, likiwa na mizizi. Mama akalitazama, akalimwaga. Aliogopa.

Mchana wa siku hiyo Rahima aliirudia filamu yake mpaka mwisho. Kaburi. Sanda. Uso wa mdogo wake. Kisha uso ule ukafumbua macho.

Ukelele ukapasuka uani.

Rahima alitoka mbio. Ashiru alikuwa amemkamata mama yao nywele na anamburuta kuelekea nyuma ya choo, ambako alikuwa amechimba shimo refu kwa mikono mitupu, na vidole vyake vilikuwa vimeng'oka kucha zote, nyama wazi, damu imechanganyika na udongo. Rahima alimrukia mgongoni, akatupwa ukutani kama gunia. Mama aligongwa kichwa kwenye jiwe la kuoshea miguu, akalegea. Majirani wanne walimwangukia kijana yule mwembamba na bado aliwainua, mpaka mmoja akampiga mchi miguuni ndipo wakamfunga kamba ya katani. Aliongea kwa sauti iliyotoka chini kabisa ya kifua.

"Mlinichimbia nyumba. Mkanionyesha mtu ndani yake. Mtu wangu yuko wapi?"

Walimpakia kwenye bajaji ya mizigo kumpeleka kwa Bibi Stamili, Rahima na Gideoni, aliyeitwa kwa simu, wakimkalia miguu. Walipofika Chiwata kaburi lilikuwa wazi. Mgomba ulikuwa umelala pembeni, sanda imechanika vipande.

"Shikamoo, bibi," Rahima alinong'ona.

"Marahaba. Ulifanya nini?"

"Tuliuzika, bibi. Wallahi tuliuzika."

"Nimeuliza wewe ulifanya nini."

Rahima akalia. "Kwenye filamu nimeukata. Nimeufuta kabisa."

Bibi Stamili alisonya. "Basi anayeitazama hiyo filamu yako anaona kaburi wazi na mtu ndani. Huyu aliyemwingia naye ameona. Leteni mgomba mwingine. Mnauzika upya, na kwenye filamu mgomba unarudishwa. Na kijana atupe udongo wa kwanza kwa mkono wake."

Gideoni alisimamisha kamera kwenye standi, akaiwasha. Mgomba mpya ukavishwa sanda, ukashushwa. Bibi Stamili alianza kusoma dua, na alipofungua kamba ya mkono mmoja wa Ashiru ili ashike udongo, yule kiumbe aliyekuwa ndani yake alikata zile kamba nyingine zote kama uzi, akamng'ata Gideoni shavuni akanyofoa pande la nyama, akachukua jembe akamvunja mkono, mfupa ukatokeza kwenye shati, akageuka kwa bibi ambaye hakuacha kusoma hata aliposukumwa akaanguka kwenye visiki, ndipo Rahima, akipiga kelele jina la mdogo wake, akamvaa kiunoni kwa nguvu zake zote, na Ashiru akaporomoka kichwa mbele ndani ya kaburi, juu ya mgomba, vumbi likapanda hata hakuna aliyeona kitu. Kutoka kwenye vumbi mikono miwili ikanyooshwa juu. Rahima akaivuta, akamtoa.

Alikuwa mtulivu. Alitabasamu.

"Nimepona, dada. Fukieni. Fukieni haraka."

Wakafukia. Rahima alifukia kwa jembe lile lile lenye damu, akilia kwa furaha, mpaka tuta likainuka. Gideoni akapelekwa Ndanda hospitali.

Kesho yake mchana nyumba ilitulia. Mama alilala na bandeji kichwani, Ashiru alikuwa uani anakula ugali wa watu watatu, kikohozi kimekwisha. Rahima alikaa mezani kutimiza agizo la Bibi Stamili. Alikitafuta kipande kipya, akakiweka mwisho wa filamu: sanda, udongo, tuta. Alifurahi moyoni. Kazi ya kwanza hiyo, na mdogo wake mzima.

Ikabaki kusafisha sauti. Alivaa hedifoni, akapunguza upepo, akapunguza kilio chake mwenyewe. Chak, chak, jembe lake. Chini ya jembe palikuwa na kitu. Akakipandisha.

"Dada! Dada Rahima! Niko huku chini! Mmemtoa nani?"

Ilikuwa sauti ya Ashiru, akilia kama alivyokuwa analia utotoni. Kisha udongo ukaanguka, na sauti ikaendelea, chini zaidi.

Rahima akarudisha nyuma, akasikiliza tena. Harufu ya udongo uliolowa ilimjia kutoka nyuma. Mkono ukatua taratibu begani, mkono wa mdogo wake, na vidole vilivyokuwa vimeng'oka kucha jana vilikuwa na kucha zote, safi, ndefu. Vikapanda shingoni, vikazama kidogo, damu ikatiririka ndani ya kola.

"Hapo kwenye sauti, dada," alinong'ona. "Kata."

Rahima aliweka kidole kwenye kitufe. Masikioni mwake Ashiru alikuwa bado anamwita.