Maji ya Kusukutua

"Jirani, huyo binti yako anatapika nini kila asubuhi?"

Mama Mapacha aliniuliza hivyo juu ya ukuta, macho yake yako kwenye kamba ya nguo kama mtu asiyetaka jibu.

"Hatapiki," nikamwambia. "Anasukutua tu."

"Ahaa. Hata mimi nilianza kwa kusukutua. Nikapata mapacha."

Akacheka, akaanika shuka lake. Mimi nikaingia ndani. Mdomo wa mtu haufungwi kwa kufuli, unaachiwa Mungu.

Binti yangu ni dobi, ana chumba chake cha kufulia na kupigia pasi mtaa wa pili. Ana pumu tangu nikimbeba mgongoni. Kliniki walimpa pampu mbili. Ya bluu ni ya kuvuta akibanwa kifua. Ya kahawia ni ya kila siku, asubuhi na jioni, awe anaumwa au mzima, na akishaivuta lazima asukutue na kutema, dawa isibaki mdomoni ikamwotesha utando mweupe. Siri yote ya pale bombani ilikuwa hiyo.

Mchumba wake, fundi makochi, hakuijua. Mama yake alikufa kwa pumu, yeye akiwa kijana anatazama. Uchumba ulipokuwa bado mchanga aliwahi kusema mezani kwangu:

"Mama, mimi nitaoa hata mwanamke asiyejua kuchemsha maji. Ila mwenye pumu, hapana. Sina moyo wa kuzika mara mbili."

Binti yangu alikuwa anamimina chai. Hakumwaga hata tone. Mgeni alipoondoka akanishika mkono.

"Usimwambie, mama. Nitamwambia mwenyewe."

"Lini?"

"Akishanizoea."

"Mtu huzoea anachokijua, mwanangu."

"Nipe neno lako."

Nikampa. Likanikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Maneno ya Mama Mapacha yakaruka ukuta, yakafika mpaka kwa wateja wa nguo. Kuanzia hapo sikusikia tena maji bombani. Nilidhani anasukutulia chumbani, kwenye beseni. Siku moja natafuta kifungo cha gauni, nikaingiza mkono kwenye mkebe wa vifungo, nikakuta pampu ya kahawia imelala chini kabisa.

"Umeiacha?"

"Kifua kiko sawa, mama. Na ile naivuta sisikii chochote. Nikibanwa ninayo ya bluu."

"Kiko sawa kwa sababu yake. Nyumba haivuji, wewe unang'oa bati?"

"Mpaka harusi ipite tu. Watu waniache kwanza."

Nikaanza kumtazama kama mtu anayetazama maziwa jikoni. Akavuta ya bluu mlangoni. Siku nyingine akaivuta akipiga pasi. Kisha akawa anaivuta akipanda ngazi tatu za baraza. Nikimsemesha, ananiambia ni baridi.

Hapo ndipo ujumbe wa fundi ukaingia kwenye simu yake. Alinisomea pasi ikiwa mkononi:

"Nimesikia unatapika asubuhi. Mimi na wewe tunajua hatujawahi kulala pamoja. Jumamosi nakuja na dada. Naomba ukweli mbele ya mama."

Akampigia palepale.

"Nani kakwambia?"

"Mtaa mzima unajua, nilibaki mimi."

"Sina mimba."

"Basi unatapika nini?"

Akanitazama. Nikamwashiria kwa kichwa: sema. Pasi ikaanza kunuka kwenye shati la mtu.

"Haya," sauti ya fundi ikasema. "Jumamosi."

Akakata.

"Mwambie, mwanangu. Heri akukatae kwa ukweli."

"Akinikataa, mama, huo ukweli utanipigia hodi jioni?"

Jumamosi walikuja mchana. Fundi alitoka moja kwa moja kazini, alikuwa amechana kochi kuukuu, shati lote limejaa vumbi la sponji. Dada yake alikuwa mwanamke mrefu, mpole wa sauti. Ndiye aliyemlea baada ya mama yao. Alikaa ukingoni mwa kiti.

"Mama, samahani kwa kuja hivi," akaniambia. "Huyu nimemlea kwa mikono hii. Sitaki alee mtoto wa mtu bila kuambiwa."

"Sina mimba, wifi," binti yangu akasema.

"Hilo la wifi lingoje kwanza. Kila asubuhi unatema nini?"

"Maji."

"Maji gani?" fundi akauliza. Alisogeza kiti karibu yake. "Nitazame. Kama kuna mwanaume, niambie. Nitaumia, lakini nitaondoka bila ugomvi."

"Hakuna... mwanaume."

"Mbona unatetemeka?"

"Si... tetemeki."

Fundi na dada yake walitazama uso wake. Mimi nilitazama shingo. Kile kishimo cha chini ya koo kilikuwa kinazama kila akivuta pumzi, mabega yanapanda. Alitoka kusema sentensi, akawa anasema neno moja moja.

Nilikuwa nimetoa neno langu, ndiyo. Lakini nililitoa kwa mtu mwenye pumzi.

"Ana pumu," nikasema. "Fundi, vua hilo shati ulitupe nje. Fungua dirisha."

Fundi hakusogea. Alisimama katikati ya chumba kama kochi alilolitengeneza mwenyewe. Nikakimbilia chumbani, nikaja na pampu ya bluu na ile chupa ya plastiki ya kuvutia dawa. Dada mtu akanipokonya.

"Lete. Mkalishe wima, usimlaze. Binti, tazama macho yangu. Nabonyeza mara moja, wewe vuta polepole. Tena. Usihesabu, vuta tu."

Akatikisa, akabonyeza, akasubiri, akatikisa tena. Mikono yake ilijua kazi. Filimbi ya kifuani ikazidi badala ya kupungua, na midomo ya mwanangu ikaanza kubadilika rangi.

"Haishuki," akasema. "Hospitali. Tutaendelea kumvutisha njiani."

Ndipo fundi akazinduka. Akavua shati, akambeba kifua wazi mpaka kwenye gari la jirani. Njia nzima nilimwomba Mungu kwa neno moja tu: mwache.

Walimwekea hewa na dawa ya mvuke, na nyingine ya kumeza. Rangi yake iliporudi, muuguzi akakaa pembeni ya kitanda.

"Ya kahawia unavuta?"

Binti akageuzia uso ukutani.

"Iko kwenye mkebe wa vifungo," nikasema.

Muuguzi hakucheka. "Ya bluu inafungua njia, ikiisha nguvu njia inaziba tena. Ya kahawia inapoza uvimbe wenyewe, taratibu. Ndiyo maana ukiivuta husikii kitu. Inataka kila siku, hata siku ukijiona mzima. Ukiona unaihitaji ya bluu mara kwa mara, ujue mambo yameharibika, njoo."

"Hiyo ya kahawia ni steroidi?" fundi akauliza. Alikuwa amejifunga kanga yangu mabegani. "Si ndizo zinavimbisha watu?"

"Wanaomeza vidonge vyake muda mrefu, ndiyo, huwapata. Hii ni kidogo, inakwenda kwenye mapafu. Avute kama alivyoandikiwa, asukutue, ateme. Na hata siku akipata mimba kweli, asiiache bila kuja kwetu."

Muuguzi akaondoka. Fundi akakaa, kichwa mikononi.

"Mama angekuwa na hii dawa," akasema, "angekuwepo leo."

Dada yake alikuwa dirishani, ametugeuzia mgongo.

"Alikuwa nayo."

"Nini?"

"Mama alikuwa nayo. Watu walinitisha kwamba itamharibu mwili. Yeye mwenyewe akawa anasema anaivuta hasikii chochote. Nikamwambia aache. Nikaiweka juu ya kabati, akabaki na ya bluu." Akafuta uso kwa kiganja. "Kumvutisha nilijifunza kwake. Nilimvutisha mpaka mwisho."

"Miaka yote hii hukuniambia."

"Ningekwambiaje, mdogo wangu? Ulikuwa na mimi tu."

Fundi alisimama, nikaogopa kuliko nilivyoogopa nyumbani. Kisha akaenda dirishani, akaweka mkono begani kwa dada yake, akauacha pale. Akageuka kwa binti yangu.

"Na wewe ulinificha."

"Ulisema hutaki kuzika mara mbili."

"Nilisema. Ukaamua kunichimbia kaburi la pili kimyakimya."

Binti yangu akajiinua kwenye mto. Sauti ilikuwa ndogo, lakini ilikuwa imenyooka.

"Pumu yangu haitaisha, itatulia tu. Nitasukutua asubuhi na jioni maisha yangu yote. Ukiona huwezi, mlango huo hapo, na sitakulaumu."

Fundi akautazama mlango. Akavuta kiti, akakaa.

"Nifundishe hiyo chupa."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Dada alijua la kufanya, mimi nilisimama kama pambo. Na hilo vumbi la makochi, kuanzia leo naoga kazini kabla sijaja kwenu."

"Utanukia sabuni."

"Naoa dobi. Ninukie nini?"

Dada mtu akacheka huku analia. "Haya," akasema, "niite wifi."

Siku chache baada ya binti kurudi nyumbani, fundi alipita asubuhi akielekea kazini, ameoga, ameleta shati la kupigwa pasi. Binti akatoka na pampu ya kahawia, akaitikisa, akatoa pumzi, akavuta taratibu, akabana pumzi. Kisha akaenda bombani na kikombe. Fundi naye akachukua kikombe. Wakasimama bega kwa bega palepale peupe, wakasukutua, wakatema.

Mama Mapacha alikuwa ameingia kuazima vibanio vyangu vya nguo. Akasimama navyo mkononi.

"Fundi, na wewe?"

"Na mimi, mama. Tunatarajia mapacha."

Binti yangu akampungia pampu. "Ni dawa ya pumu, mama. Mtaa mzima unajua, ulibaki wewe."

Mama Mapacha akatazama pampu, akatazama vikombe, akanitazama mimi. Akaviweka vibanio juu ya ukuta, kimoja kimoja, akatoka getini.